Picha ya Ubongo na Lugha ya Kuieleza: Virusi vya Ukimwi, Ubongo na Mgonjwa wa Turbo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi virusi vya ukimwi vinavyouathiri ubongo, jinsi madhara hayo yanavyoonekana katika picha za hospitalini, na jinsi Kiswahili kinavyofaulu au kinavyokwama katika kuyaeleza kwa mgonjwa na jamaa zake. Mfano unaotumiwa ni wa eneo la Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambako wagonjwa wa virusi hivi wamekuwa wakihudumiwa tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Hoja kuu ni kwamba picha ya ubongo haijisemei. Husomwa na mtaalamu, kisha hufasiriwa kwa maneno, na neno moja lililoteuliwa vibaya laweza kumnyima mgonjwa tiba ambayo ingemwokoa.

1.0 Utangulizi

Turbo ni mji wa njiani. Uko kaskazini-magharibi mwa Eldoret, kando ya barabara kuu inayoelekea Webuye hadi mpakani Malaba, na reli ya kwenda Uganda hupita papo hapo. Wakazi wake ni wakulima wa mahindi, wafugaji, wafanyabiashara na wafanyakazi wa misitu iliyo karibu. Nyumbani huzungumzwa Kinandi, Kiluhya, Kikuyu na lugha nyingine kadhaa. Sokoni, katika kituo cha magari na mbele ya daktari, lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Kwa sababu hiyo, swali la jinsi ugonjwa wa ubongo unavyoelezwa kwa Kiswahili si la darasani pekee. Ni swali la kila siku.

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984. Miaka 15 baadaye, mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2001, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret na washirika wao wa Marekani wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mpango wa matibabu uitwao AMPATH. Baada ya kituo cha Mosoriot, Turbo ilikuwa miongoni mwa sehemu za mashambani zilizofikiwa mapema na mpango huo. Kuanzia mwaka wa 2007, wapimaji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika tarafa za Kosirai na Turbo wakiwapa watu ushauri na kuwapima papo hapo.

Juhudi hizo zote ziliufanya umma uelewe mambo mawili: kwamba kirusi hiki hukaa katika damu, na kwamba dawa hukidhibiti. Jambo la tatu halikupata kufahamika kwa kiwango hichohicho. Kirusi hiki huingia ubongoni pia, na humo hufanya madhara ambayo mara nyingi jamaa huyapa majina mengine: ulevi, uvivu, wazimu, au kurogwa.

2.0 Kirusi na Njia yake ya Kuingia Ubongoni

Kabla ya kueleza njia hiyo, yafaa neno lenyewe litazamwe. Virusi ni neno la kukopwa ambalo lilipoingia katika Kiswahili lilikuta silabi yake ya kwanza ikifanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI. Wazungumzaji wakaikata silabi hiyo na kuunda umoja, kirusi, kama walivyofanya kitabu na vitabu, neno lililotoka katika Kiarabu. Matokeo yake ni kwamba kirusi cha ugonjwa na Kirusi, lugha ya Warusi, ni maneno yanayotamkwa sawa. Muktadha huondoa utata huo. Kinachostahili kukumbukwa ni kwamba ngeli hii ya vitu imewawezesha hata wasiosoma sayansi kukifikiria kirusi kuwa kitu kimoja kimoja kinachohesabika, na hilo ni msaada mkubwa kwa mwelezaji.

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takriban kilo 1.4, nao umelindwa kuliko viungo vingine vingi. Nje kuna fuvu. Ndani ya fuvu kuna tando tatu, na kati ya tando hizo hupita maji safi yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Aidha, kuta za mishipa midogo ya damu iliyomo ubongoni zimebana sana, hivi kwamba vitu vingi vilivyomo katika damu haviruhusiwi kupenya. Kizuizi hiki huuepusha ubongo na sumu na vijidudu. Vilevile huzizuia baadhi ya dawa.

Kirusi cha ukimwi hakivunji ukuta huo. Hubebwa. Seli za kinga zilizoambukizwa huwa na idhini ya kupita, kwa kuwa kazi yake ni kulinda mwili mzima, nazo huingia ubongoni pamoja na mzigo zilioubeba. Jambo hili hutukia mapema, katika wiki za kwanza baada ya maambukizi, pengine kabla mtu hajashuku lolote. Kikiisha kuingia, kirusi huishi hasa katika seli za ulinzi za ubongo. Seli za neva, ambazo ndizo zinazofikiri na kukumbuka, kwa kawaida hazishambuliwi moja kwa moja. Huumia kwa sababu ya kuishi jirani na mapigano: seli zilizoambukizwa hutoa kemikali za uvimbe na chembe za protini za kirusi ambazo, zikidumu kwa miezi na miaka, huzichosha na kuziua neva.

Dalili zake hujitokeza polepole. Mtu husahau alikoweka vitu, kisha husahau miadi. Huchelewa kujibu anapoulizwa. Mikono hulegea, hatua huwa nzito, hamu ya kuzungumza na watu hupungua. Mfanyabiashara hukosea kurudisha chenji na wateja wakadhani anawaibia. Ubaya wa dalili hizi ni kwamba hukata mzizi wa tiba yenyewe. Mgonjwa anayesahau hukosa kumeza dawa. Dawa zikikosekana kirusi huongezeka. Kirusi kikiongezeka ubongo hudhoofika zaidi, na kusahau kukazidi. Mzunguko huu haukatwi kwa kumkemea mgonjwa. Hukatwa na mtu wa karibu aliyeelezwa vyema, ambaye atamkumbusha dawa kila siku.

3.0 Picha za Ubongo Zilivyopatikana

Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, huonyesha mifupa barabara lakini haiwezi kuuonyesha ubongo, kwa sababu fuvu huuziba na tishu zake laini hazitofautiani vya kutosha. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kupata njia ya kulivuka pingamizi hilo. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupitisha miale ya eksirei kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta hukokotoa na kuchora kichwa kipande baada ya kipande, kama mkate uliokatwa. Hesabu za msingi za jambo hilo zilikuwa zimefanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulishughulikia suala hilo alipokuwa mwanafizikia jijini Cape Town. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Picha hii ndiyo ambayo barua za hospitali huiandika kwa herufi CT.

Picha ya pili, inayoandikwa kwa herufi MRI, haitumii eksirei kabisa. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kuzitikisa chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, kisha hupokea ishara zinazorudi. Kwa kuwa tishu mbalimbali zina viwango tofauti vya maji, picha hii hutofautisha sehemu laini za ubongo kwa usahihi zaidi. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2003 kwa kazi hiyo. Kila picha ina nguvu yake. Ya eksirei ni ya haraka na hufaa sana kuonyesha damu iliyovuja na chembe za chokaa. Ya sumaku ni ya polepole na ghali zaidi, lakini huona mabadiliko madogo ambayo ya kwanza huyapita.

Mgonjwa wa Turbo anayehitaji picha ya namna hii kwa kawaida huelekezwa Eldoret. Gharama ya picha, nauli ya msindikizaji na siku ya kazi iliyopotea ni mambo yanayopimwa na familia kabla ya safari. Hivyo, picha ikiisha kupatikana, huwa imebeba matumaini mengi kuliko uwezo wake. Ni muhimu basi kujua inaonyesha nini hasa.

4.0 Yanayoonekana katika Picha

4.1 Madhara ya kirusi chenyewe

Ubongo uliokaa na kirusi kwa muda mrefu bila dawa huonekana umepungua. Mifereji iliyo juu yake huwa mipana, na vyumba vya ndani vyenye maji hupanuka ili kujaza nafasi iliyoachwa. Katika picha ya sumaku, sehemu nyeupe ya ubongo, yaani ile yenye nyuzi ndefu zinazounganisha seli za neva, hung'aa isivyo kawaida kuzunguka vyumba hivyo. Mng'ao huo huwa pande zote mbili kwa ulinganifu, mfano wa mabawa ya kipepeo. Kwa mtoto aliyeambukizwa na mamaye, picha ya eksirei huweza kuonyesha chembe za chokaa katika viini vya ndani vya ubongo, naye mtoto mwenyewe huwa amechelewa kukaa, kutembea au kusema.

4.2 Kirusi kingine kinachoamka

Watu wengi duniani hubeba kirusi kiitwacho JC, ambacho kilitengwa katika maabara mwaka wa 1971 na kupewa herufi za mwanzo za jina la mgonjwa aliyekuwa nacho. Kinga ikiwa imara, kirusi hicho hulala tu. Kinga ikiporomoka, huamka na kuziharibu seli zinazotengeneza ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva, kama waya wa umeme unavyochunika plastiki yake. Picha huonyesha madoa makubwa katika sehemu nyeupe, aghalabu yasiyolingana pande mbili, yanayofika hadi chini kabisa ya gamba la ubongo, lakini yasiyousukuma ubongo kando. Mgonjwa hudhoofika upande mmoja, au hupoteza sehemu ya uwezo wa kuona, au maneno humpotea. Hakuna dawa mahususi ya kirusi hicho. Tegemeo ni kuirejesha kinga kwa dawa za kudhibiti virusi vya ukimwi.

4.3 Wageni wasio virusi

Baadhi ya madhara mabaya zaidi hayaletwi na kirusi, bali na vijidudu vinavyoingia kwenye mlango ambao kirusi kimeuacha wazi. Kipimo cha mlango huo ni idadi ya seli za kinga ziitwazo CD4. Zinapopungua chini ya 100 katika ujazo mdogo wa damu unaopimwa, hatari huwa kubwa.

Kwanza kuna kimelea cha toksoplasma, ambacho mtu hukipata kutokana na kinyesi cha paka au nyama isiyoiva. Hukaa mwilini kimya kwa miaka. Kinapoamka huzua vidonda kadhaa ubongoni ambavyo, mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha picha, huonekana kama pete zinazong'aa zilizozungukwa na uvimbe wa maji. Pete kama hizo zaweza pia kuwa za kifua kikuu cha ubongo au saratani ya seli za kinga. Picha peke yake haimalizi ubishi huo. Kwa kawaida madaktari huanza kutibu toksoplasma, na mgonjwa akipata nafuu katika muda wa wiki mbili hivi, jibu huwa limepatikana. Kotrimoksazoli, tembe ambayo wagonjwa wengi wameizoea, husaidia kuuzuia ugonjwa huu.

Pili kuna kuvu ya kriptokoka, inayopatikana katika udongo na kinyesi cha ndege. Huvutwa kwa pumzi, kisha hushambulia tando za ubongo. Mgonjwa huumwa na kichwa kwa siku nyingi, huona vitu viwiliviwili, na hatimaye huzirai. Ajabu ni kwamba picha ya ubongo wake yaweza kuwa ya kawaida kabisa. Suala hili litarejelewa katika sehemu ya tano.

4.4 Kinga inaporudi

Kuna wakati ambapo mgonjwa huanza dawa, na baada ya wiki kadhaa hali yake huwa mbaya kuliko mwanzo. Picha inayopigwa wakati huo huonyesha uvimbe na mng'ao ambao haukuwapo. Kinachotukia ni kwamba kinga iliyokuwa imelala imeamka na kuwakuta maadui waliojificha, na vita vimeanza ndani ya fuvu ambalo halina nafasi ya ziada. Ndiyo sababu mtu mwenye ugonjwa wa kriptokoka ubongoni hutibiwa kuvu kwanza, na dawa za virusi zikaahirishwa kwa wiki kadhaa. Familia isipoelezwa hili mapema, hukata kauli kwamba dawa ndizo zilizomwangamiza, na wengine nyumbani wakaziacha zao.

4.5 Virusi vingine

Si kirusi cha ukimwi pekee kinachoacha alama ubongoni. Kirusi cha malengelenge ya mdomoni kinapopanda ubongoni hupendelea sehemu za kando, zilizo karibu na masikio, na mgonjwa hubadilika tabia ghafla na kupata kifafa. Dawa yake hufaa ikianzwa upesi. Surua huweza kurudi miaka kadhaa baada ya mtoto kupona na kuuharibu ubongo hatua kwa hatua. Wakati wa janga la UVIKO-19, ambalo lilithibitishwa kuingia Kenya mwezi wa Machi 2020, madaktari wa Detroit nchini Marekani walichapisha picha za mgonjwa ambaye viini viwili vya ndani vya ubongo wake, viitwavyo thalamasi, vilikuwa vimevimba na kuvuja damu. Katika kisa cha aina hiyo, wataalamu huamini kwamba fujo ya kinga ya mwili hudhuru kuliko kirusi chenyewe. Hivyo, kanuni iliyoelezwa katika sehemu ya pili yajirudia: ubongo huumia kwa mapigano yanayofanyika jirani nao.

5.0 Ambalo Picha Haliwezi

Kutokana na maelezo hayo, yaonekana kwamba picha hutoa habari ya umbo na mahali. Haitaji jina la kijidudu. Kwa ugonjwa wa tando za ubongo, jina hilo hupatikana katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo huchotwa kwa sindano kiunoni.

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa kati ya hospitali na familia. Watu wengi huiogopa sindano hiyo kwa kuamini kwamba huua au hupoozesha. Hofu yao ina chanzo. Sindano hudungwa mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa, naye akifariki siku ya pili, kilichokumbukwa ni sindano. Ukweli ni kwamba sindano hupitishwa chini ya mahali uti wa neva unapokoma, na kwa mgonjwa wa kriptokoka kuyachota maji hayo ni sehemu ya tiba. Kuvu huziba njia za maji, shinikizo hupanda, kichwa huuma kupita kiasi na macho huweza kupofuka. Maji yakipunguzwa, maumivu hupungua mara nyingi papo hapo. Daktari huweza kutaka picha itangulie pale mgonjwa anapokuwa na kifafa, udhaifu wa upande mmoja au fahamu zilizopungua, ili kuhakikisha hakuna uvimbe utakaofanya uchotaji kuwa hatari. Kwa hiyo picha na sindano si washindani. Familia inayolipia picha na kuikataa sindano imenunua nusu ya jibu.

6.0 Kiswahili mbele ya Picha

6.1 Majina ya kale

Kiswahili hakikuingia hospitalini mikono mitupu. Kina msamiati wa kale wa maradhi ya ubongo, na msamiati huo umebeba nadharia yake. Degedege na nyuni, majina ya mtukutiko wa watoto, yanahusishwa na ndege anayeaminika kumpitia mtoto. Wazimu lina uhusiano wa wazi na mizimu. Kifafa hudokeza kufa na kufa tena. Majina haya yanaeleza anachokiona mtazamaji, tena kwa ufasaha. Udhaifu wake ni kwamba yanataja chanzo kilicho nje ya mwili, na chanzo kikiwa nje ya mwili, tiba nayo hutafutwa nje ya hospitali. Mwelezaji mwenye busara hamkejeli anayeyatumia. Huanzia hapo, kisha humwonyesha kwamba dalili ileile ina chanzo kinachoweza kupimwa.

6.2 Homa ya uti wa mgongo

Istilahi inayohitaji mjadala zaidi ni homa ya uti wa mgongo. Imeenea, imo katika magazeti na kamusi, na haielekei kung'olewa. Hata hivyo inapotosha mara mbili. Huutaja mgongo ilhali ugonjwa uko hasa katika tando za ubongo. Nayo huita homa ugonjwa ambao, ukisababishwa na kriptokoka, waweza kuanza kwa maumivu ya kichwa bila homa kali. Mtu anayeumwa na kichwa kwa wiki mbili hawezi kujishuku ugonjwa wa mgongo. Tena, akiambiwa achotwe maji ya uti wa mgongo, jina la ugonjwa na jina la kipimo huungana katika fikra zake, na sindano ikadhaniwa kuwa ndiyo iletayo ugonjwa. Istilahi kama ugonjwa wa tando za ubongo ni ndefu kidogo, lakini huelekeza akili mahali panapostahili. Yafaa itumiwe sambamba na ile ya zamani, mpaka wasikilizaji waizoee.

6.3 Kusinyaa, kuoza, kupungua

Ripoti ya picha ikisema ubongo umepungua ukubwa, mfasiri ana maneno kadhaa ya kuchagua, na hayalingani. Kusinyaa hutumiwa kwa ua au tunda lililokauka, kitu kisichorudi hali yake. Kuoza ni baya zaidi. Familia ikisikia kwamba ubongo wa ndugu yao umesinyaa, hukata tamaa na pengine humrudisha nyumbani. Ilhali ukweli wa kitabibu ni wenye matumaini zaidi: kupungua huko huenda kusirudi kabisa, lakini uwezo wa kufikiri wa wagonjwa wengi huimarika wanapotumia dawa kwa utaratibu. Tofauti ya kauli mbili zifuatazo yatosha kulidhihirisha hilo. Daktari aweza kumwambia mzazi, "Mama, ubongo wa kijana umesinyaa kwa sababu ya virusi." Au aweza kusema, "Mama, picha inaonyesha ugonjwa huu umemchosha kijana ubongoni, ndiyo maana anasahau. Si ulevi, wala hakuna aliyemroga. Akimeza dawa bila kukosa, na wewe ukimsaidia kukumbuka, tunatarajia apate nafuu." Kauli ya kwanza si uongo, ila humwacha mzazi bila la kufanya. Ya pili humpa sababu na kazi.

6.4 Nani afasiri?

Msomi wa Kiswahili aweza kudhani kwamba tatizo litaisha istilahi zikisanifiwa. Istilahi ni za lazima, na kazi kama Kamusi ya Tiba ya TUKI zimeonyesha kwamba lugha ina uwezo. Lakini mgonjwa wa Turbo hasomi kamusi ya tiba. Humsikiliza muuguzi, mshauri wa kituo, au binti yake aliyemaliza shule ambaye ameombwa kumfasiria nyanya kwa Kinandi au Kibukusu kile ambacho daktari amekisema kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Binti huyo huvuka lugha tatu kwa dakika moja bila mafunzo yoyote. Si ajabu kwamba kinachomfikia nyanya ni "wamesema ni kichwa."

Aidha kuna suala la siri. Picha ya ubongo ikielezwa kwa ukamilifu, hali ya mgonjwa ya virusi hufichuka. Kuifafanua mbele ya jamaa bila ridhaa yake ni kumvunjia haki. Kiswahili kina tafsida ya kutosha kwa mambo haya, lakini tafsida ikizidi huficha hata kile kinachopaswa kujulikana. Kipimo kinachofaa ni hiki: msikilizaji ajue kinachotakiwa kufanywa, naye mgonjwa aamue jina la ugonjwa lisemwe mbele ya nani.

7.0 Hitimisho

Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizifukuza familia nyingi za Bonde la Ufa kutoka makwao, na Turbo haikuepuka. Waliokimbia usiku bila dawa zao walikabiliwa na hatari iliyoelezwa katika makala haya: dawa zikikatika, kirusi huamka, na ubongo ni miongoni mwa viungo vinavyolipa gharama. Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Tangu mwaka wa 2016 Kenya imefuata mwongozo wa kuwaanzishia dawa wote wanaopatikana na kirusi, bila kungoja seli za CD4 zipungue. Mgonjwa anayeanza mapema huuepusha ubongo wake na sehemu kubwa ya madhara yaliyotajwa. Hata hivyo, wangali wapo wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa, na kwa hao picha na maneno yanayoifuata ni suala la uhai.

Chuo Kikuu cha Moi kina wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa udaktari. Hawa hujifunza kuisoma picha. Wale hujifunza uzito wa neno. Palipo na pengo kati yao ndipo anapopotelea mgonjwa. Utafiti wa nyanjani kuhusu maneno yanayotumiwa na wauguzi na wagonjwa katika vituo vya mashambani, uandishi wa vijitabu vifupi vya maelezo, na mafunzo ya ufasiri kwa washauri wa vituo ni kazi ambazo hazihitaji mashine ghali. Zahitaji watu wanaoijua lugha na walio tayari kuketi kwenye benchi la kliniki wakasikiliza. Yule binti aliyeombwa kufasiri akipewa sentensi tatu zilizo sahihi, nyanya atajua kwamba mwanawe hakurogwa, kwamba maji yanayochotwa kiunoni yatampunguzia maumivu, na kwamba tembe za jioni hazifai kusahaulika.